Ala Isiyoonekana: Historia ya Kuijua Sauti ya Mwimbaji

Utangulizi

Fundi wa ngoma huiona ngoma yake. Huchagua mti, huuchonga na kuukomba ndani, huiwamba ngozi, huianika juani au huiota moto, na ikiwa mlio haumridhishi hujua mahali pa kurekebisha. Mpiga zeze huuona uzi wake na hujua wakati wa kuukaza. Lakini mwimbaji, ambaye ala yake ni kongwe kuliko ala zote walizounda wanadamu, haioni ala hiyo, haishiki mkononi, wala hawezi kuifungua atazame kilichomo. Kwa sababu hiyo watu wengi wameridhika kuiita karama. Husema, "Fulani ana sauti," au "Fulani hana sauti," na mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi niliujua ubaya wa hukumu hiyo nikiwa mtoto. Nilikuwa darasa la saba, na kazi yangu katika siku za sherehe ilikuwa kuongoza ngonjera. Asubuhi moja, katikati ya ubeti, sauti yangu ilipasuka: neno moja likatoka jembamba, la pili likatoka nene, la tatu halikutoka kabisa. Wageni walicheka. Mwalimu aliyetusimamia alinitoa katika mstari akasema kwamba sauti yangu imekufa. Niliyaamini maneno yake kwa miaka mingi. Nilitunga mashairi, lakini niliwapa wengine wayaimbe. Nilikuwa mtu mzima, tena mtumishi wa serikali, nilipopata kujua kwamba siku ile sauti yangu haikuwa inakufa. Ilikuwa inakua.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi wanadamu walivyokuja kuijua ala hii isiyoonekana, makosa waliyoyafanya njiani, na mambo ambayo elimu hiyo inatudai sisi tunaofundisha watoto kuimba na kughani. Nitaonyesha kwamba sauti nzuri ni kazi ya mwili, kazi yenye kanuni zake, na kwamba jambo lenye kanuni laweza kufundishwa na kutunzwa.

Tabibu na mwanafalsafa

Habari za mwanzo zenye uhakika twazipata kwa Galen, tabibu Myunani aliyefanya kazi Rumi katika karne ya 2. Wakati ule wanafalsafa wengi walidai kwamba sauti na maneno hutoka moyoni. Galen alimleta nguruwe mbele ya watu, akampasua shingo naye akilia, kisha akaufunga kwa uzi mshipa mmojawapo wa fahamu uendao kwenye zoloto, yaani lile sanduku la gegedu lililo juu ya bomba la hewa. Alipoifunga ile ya pande zote mbili mnyama alinyamaza ghafla, ingawa bado alikuwa hai na akipumua. Ukatili wa jambo hilo hatuwezi kuusifu, lakini ushahidi wake haukupingika: sauti huzaliwa kooni, nayo hutii amri ya ubongo. Mishipa ile ina njia ya ajabu. Hushuka kutoka kichwani mpaka chini ya zoloto, na ule wa kushoto huingia kifuani, hupita chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo huzunguka na kupanda tena kooni.

Miaka mia nane hivi baadaye Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki mwaka 1037, aliandika risala fupi juu ya sababu za kuzaliwa kwa herufi. Humo alieleza gegedu za zoloto na misuli inayozisogeza, kisha akaeleza namna kila herufi ya Kiarabu inavyotamkwa. Elimu ya aina hiyo si ngeni kwetu. Katika vyuo vya Kurani vya mwambao mtoto hufundishwa tangu udogoni makhraji ya herufi, yaani mahali kila moja inapotokea: hii kooni, hii katika kaakaa, hii midomoni. Basi kabla ya shule za kisasa walikuwako hapa walimu waliojua kwamba sauti ina mahali pake mwilini, na kwamba mahali hapo mwanafunzi huweza kuonyeshwa.

Nyuzi ambazo si nyuzi

Mwaka 1741 mganga Mfaransa, Antoine Ferrein, alichukua zoloto za mbwa waliokufa na za maiti za watu, akapuliza hewa kutoka chini. Zoloto zile zilitoa mlio. Ferrein aliifananisha sehemu inayolia na nyuzi za fidla, na hewa akaifananisha na upinde unaozikwaruza. Akazipa jina la nyuzi za sauti. Jina hilo limeenea duniani kote, na Kiswahili nacho kimelipokea.

Lakini jina hilo lina kosa ndani yake. Kooni hamna uzi uliotundikwa. Kuna mikunjo miwili ya nyama, mmoja kulia na mwingine kushoto, iliyoungana mbele na kuachana nyuma. Ya mwanamke mzima ina urefu wa sentimita moja na nusu hivi, na ya mwanamume hufikia sentimita mbili au zaidi kidogo. Tunapopumua huachana na kufanya mwanya kama herufi V. Tunapotaka kusema au kuimba husogezwa pamoja mpaka ikagusana.

Ukitaka mfano ulio karibu na ukweli kuliko fidla, itazame siwa, ile baragumu kubwa ya heshima ya Pate na Lamu. Mpuliza siwa hubana midomo yake na kusukuma pumzi. Pumzi huifungua midomo, midomo hurudi na kufungana, pumzi huifungua tena, na mapigo hayo ya haraka ndiyo yaliao ndani ya pembe. Mikunjo ya kooni nayo hufanya vivyo hivyo. Mwanamume anapozungumza hufunguka na kufungana zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Mwanamke, mara 200 hivi. Mwanamke akiimba ile sauti ambayo wanamuziki wengi huitumia kulinganishia ala zao, mikunjo yake hugongana mara 440 kwa sekunde, yaani mara 26,400 kwa dakika moja. Ni viungo vichache tunavyoviamrisha kwa hiari yetu vinavyofanya kazi kwa kasi ya namna hiyo.

Katika miaka ya 1830 Johannes Müller wa Berlin aliendeleza kazi ya Ferrein. Alizivuta zoloto za maiti kwa vipande vya uzito huku akipuliza hewa, akaona kwamba mikunjo ikikazwa sauti hupanda, na kwamba hewa ikiongezwa nguvu sauti nayo hupanda kidogo. Hapo ndipo ilipofahamika kwa nini mwimbaji asiye na mazoezi hupotoka lahani anapoongeza sauti: huongeza pumzi bila kulegeza kitu kingine.

Mwalimu wa kuimba na kioo

Hata hivyo, mpaka wakati huo zoloto zilizochunguzwa zilikuwa za wafu. Hakuna aliyekuwa ameonyesha wazi ala hiyo ikiimba ndani ya mtu aliye hai. Aliyefanikiwa alikuwa mwalimu wa kuimba. Manuel García, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1805, alitoka katika jamaa ya waimbaji mashuhuri. Yeye mwenyewe aliliacha jukwaa akiwa kijana, akaishi kwa kuwafundisha wengine. Miaka na miaka aliwafundisha wanafunzi kutumia kitu asichokiona, na jambo hilo lilimkera.

Mwaka 1854, alipokuwa Paris, lilimjia wazo. Alinunua kioo kidogo chenye mpini mrefu, cha aina inayotumiwa na waganga wa meno, akakipasha joto katika maji ili kisifanye ukungu, akakiingiza nyuma ya kinywa chake. Kwa kioo cha pili alichokishika mkononi aliurudisha mwanga wa jua mpaka kooni. Mbele ya macho yake ukatokea mlango wa sauti yake mwenyewe, wazi kabisa. Akaimba, akaiona mikunjo inakaribiana na kutetemeka. Mwaka uliofuata habari hizo zilisomwa mbele ya Chama cha Kifalme cha wanasayansi, London. Baada ya muda mfupi madaktari wa Ulaya walianza kukitumia kioo hicho katika kutibu maradhi ya koo. García aliishi mpaka mwaka 1906, akiwa amepita umri wa miaka 100.

Nataka mwalimu anayesoma hapa alitue jambo hili moyoni. Mlango huu haukufunguliwa na tajiri wa vyombo wala bingwa wa maabara. Ulifunguliwa na mwalimu kwa vioo viwili na mwanga wa jua, kwa sababu alikataa kufundisha kwa kubahatisha.

Bomba linaloumba irabu

Mlio wa mikunjo peke yake haupendezi. Kama tungeweza kuusikia kabla haujapita kinywani, ungekuwa kama mvumo wa nyuki ndani ya mkebe. Kinachoufanya uwe sauti ya mtu ni bomba lililo juu yake: koromeo, kinywa, na pengine pua. Kwa mwanamume bomba hilo lina urefu wa sentimita 17 hivi.

Aliyelieleza jambo hili kwa hesabu alikuwa Hermann von Helmholtz, Mjerumani, katika kitabu chake kikubwa juu ya usikivu wa sauti kilichotoka mwaka 1863. Alionyesha kwamba sauti moja ya mwimbaji ni sauti nyingi zilizopangana: iko sauti mama, na juu yake zipo sauti tanzu zenye mitetemo mara mbili, mara tatu, mara nne ya mama, na kuendelea. Bomba la kinywa huzipa nguvu baadhi ya tanzu hizo na kuzififisha nyingine. Wataalamu wa siku hizi huyaita maeneo yanayopewa nguvu fomanti. Ulimi na midomo ikibadili umbo la bomba, fomanti nazo huhama, na irabu hubadilika. Tukitamka *a* fomanti ya kwanza huwa karibu na mitetemo 700 kwa sekunde. Tukitamka *i* hushuka karibu na 300, lakini ile ya pili hupanda kupita 2,000.

Wanafunzi wanaweza kulithibitisha jambo hili darasani bila chombo chochote. Na watamke kwa kunong'ona *i, e, a, o, u*. Katika kunong'ona mikunjo haitetemeki, kwa hiyo hakuna sauti mama. Hata hivyo kila mtu atasikia mnong'ono unashuka kama ngazi kutoka *i* mpaka *u*. Ngazi hiyo ndiyo kazi ya bomba peke yake.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo elimu hii inapoligusa shairi letu. Kiswahili kina irabu tano tu, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Irabu ndiyo sehemu ya neno inayoweza kuvutwa, kupandishwa na kushushwa, maana njia ya hewa iko wazi. Kina cha ubeti, pale mwimbaji anapotua na kuirefusha sauti, kwa kawaida huwa mlango uliofunguka. Hata ile *m* ya neno "mtu", inayohesabiwa mizani moja kamili, huimbika: midomo imefungwa, lakini mvumo wapita puani. Waliotunga kanuni za vina na mizani hawakuwa na kioo cha García wala hesabu za Helmholtz, lakini masikio yao yaliijua ala waliyoitungia.

Nao Wagogo wa nyanda za Dodoma wametupa ushahidi mwingine. Wachunguzi wa muziki wameeleza kwamba mpangilio wa sauti katika nyimbo zao hufuata kwa karibu mfululizo wa sauti tanzu za asili. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliisikizisha dunia muziki huo kwa ilimba, zeze na koo lake. Jambo ambalo Helmholtz alilichambua kwa vyombo vya maabara, wao walilishika kwa usikivu, wakalirithisha wana wao.

Kosa la karne iliyopita

Historia ya elimu hainyooki kama reli. Mwaka 1950 Mfaransa Raoul Husson alitoa nadharia kwamba kila mtetemo wa mikunjo huamriwa na ubongo kwa pigo lake moja katika mshipa wa fahamu. Nadharia hiyo iliwavutia wengi kwa muda. Lakini waimbaji wa kike hupita mitetemo 1,000 kwa sekunde, na misuli haiwezi kukaza na kulegea kwa kasi hiyo. Zaidi ya hapo, zoloto za maiti za Ferrein zililia bila ubongo wowote.

Mwaka 1958 Mholanzi Janwillem van den Berg aliyaweka mambo sawa. Ubongo huiandaa mikunjo tu: huisogeza, huikaza, huilegeza. Kutetemeka ni kazi ya pumzi inayoisukuma na ya nyama yenyewe inayorudi kwa unyumbufu wake. Katika miaka ya 1970 Mjapani Minoru Hirano alionyesha kwamba juu ya msuli wa mkunjo kuna utando mwororo, mlegevu na wenye majimaji, unaotembea kama wimbi. Utando huo ukikauka au ukijeruhiwa, sauti hukwaruza.

Pumzi inayohitajika si nyingi kama watu wadhanivyo. Mwanafunzi na atumbukize mrija katika bilauri ya maji, kina cha sentimita 6 au 7, apulize mpaka mapovu yaanze kutoka. Nguvu hiyo ndogo ndiyo tunayoitumia katika mazungumzo ya kawaida. Kuimba kwa sauti kuu huhitaji mara kadhaa ya nguvu hiyo, na ustadi wa mwimbaji ni kuipima pumzi kwa mbavu, tumbo na kiwambo kilicho chini ya mapafu, isimwagike yote mwanzoni mwa mshororo.

Kusikika bila kipaza sauti

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, akauza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, naye Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Siti alianza kuimba katika zama ambazo vipaza sauti havijafika katika majumba na mabaraza ya Unguja. Alikuwa na koo lake tu, na nyuma yake udi na fidla. Je, mwimbaji wa namna hiyo husikikaje juu ya ala?

Swali kama hilo, kwa upande wa waimbaji wa opera wa Ulaya, lilijibiwa na Johan Sundberg wa Stockholm mwaka 1974. Alipima akaona kwamba nguvu nyingi za kundi kubwa la ala huwa karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, kisha hupungua. Waimbaji wa kiume waliofunzwa huongeza nguvu karibu na 3,000, mahali ambapo ala ni dhaifu na sikio la binadamu ni jepesi. Hufanya hivyo kwa kuuacha mlango wa zoloto uwe mwembamba na koromeo lililo juu yake liwe pana. Hawapigi kelele kushindana na ala. Hupita pale ambapo ala hazipo. Wanawake waimbao sauti za juu hutumia njia nyingine, nayo ni kuongeza upana wa kinywa kadiri sauti inavyopanda, ingawa huko juu sana irabu hufanana na maneno hupotea. Mtunzi anayetaka maneno yake yasikike asiyaweke kileleni mwa lahani.

Sisemi kwamba njia ya opera ndiyo sheria kwa kila taifa. Koo la taarabu, la kughani utenzi na la kuongoza ngoma yana njia zake. Nasema kwamba kila moja ni ustadi wa mwili, na wenye ustadi huo ni walimu, si watu wa kustarehesha wageni tu.

Hitimisho

Kutokana na historia hii nayaona mambo matatu yanayotuhusu shuleni.

La kwanza ni la wavulana wanaobaleghe. Wakati huo zoloto hukua na mikunjo hurefuka, na sauti hushuka kiasi cha kufikia nusu ya mitetemo yake ya awali. Wasichana nao hushuka, ila kidogo. Misuli iliyozoea ala ndogo hupewa ala kubwa kwa muda mfupi, na kwa miezi kadhaa hukosea. Mtoto wa namna hiyo apewe sehemu nyepesi, ya katikati, asilazimishwe na asifukuzwe.

La pili ni la kupiga kelele. Katika mashindano mengi ya nyimbo niliyoyahudhuria kazini, kundi lililopiga kelele zaidi ndilo lililoshangiliwa zaidi. Mikunjo inayogonganishwa kwa nguvu kila siku huota vinundu, na mwenyewe hupwewa na sauti. Walimu wamo hatarini kuliko wengi, maana husema kutwa mbele ya madarasa makubwa. Maji ya kunywa, mapumziko ya sauti, na kumwona daktari iwapo sauti haijarudi baada ya wiki tatu, ni mambo ya lazima.

La tatu ni la ushairi wenyewe. Tumechapisha diwani nyingi, na ni jambo jema, lakini karatasi huhifadhi maneno na kuyaacha mahadhi. Shairi linalosomwa kwa macho tu darasani limenyimwa pumzi, koromeo na kinywa ambavyo lilitungiwa. Wazee wanaojua mahadhi ya tungo za kwao wangali hai katika vijiji na miji mingi. Waalikwe shuleni, waimbe, wanafunzi wawaulize wanavuta pumzi wapi na wanaituliza sauti wapi, na sauti zao zirekodiwe. Ala ya mwimbaji haiwezi kuangikwa ukutani mwenyewe akifa, huzikwa naye.

Mimi nimeanza tena kuimba beti zangu, kwa sauti nene niliyoambiwa kwamba imekufa. Si sauti ya kushangiliwa. Lakini mwaka jana nilialikwa kusoma shairi mbele ya wanafunzi, nikaliimba badala ya kulisoma, na baadaye mvulana mmoja aliyekuwa amekaa nyuma alinifuata. Aliuliza kwa sauti iliyokuwa ikipanda na kushuka kama inavyopanda na kushuka ya watoto wa umri wake, kama yeye naye ataweza kuimba tena. Nilimwambia avumilie mwaka mmoja, na asiache.